Usukani Unapocheza



Katika somo hili utajifunza namna ya kutafuta chanzo cha usukani unaocheza. Tutazungumza hasa juu ya magari ya njia mbovu, kama vile Land Rover na Land Cruiser, ambayo yameinuliwa ili yapite juu ya mawe na makorongo.

Huenda wewe si dereva. Huenda huna gari. Hata hivyo somo hili linakuhusu. Unapanda gari kwenda mnadani. Unampeleka mgonjwa hospitali ya Mvumi au ya Mpwapwa. Wakati huo maisha yako yanategemea vyuma vichache vilivyo chini ya gari. Tena, kama wewe ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji au wa chama cha ushirika, fedha za matengenezo ni fedha zenu wote. Yafaa ujue zinanunua nini.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: usinunue kipuri kabla hujaona kwa macho kile kinachocheza.

1. Kwa nini magari huinuliwa

Katika Mkoa wa Dodoma mvua hunyesha miezi michache tu, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka mzima hupatikana kama milimita 500 hadi 600. Korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kujaa maji jioni. Maji yakipita, huacha mchanga mwingi na kingo zilizokatika. Kule Bahi udongo wa mbugani hunata kama gundi wakati wa masika. Kule Mpwapwa na Kondoa kuna vilima na njia za mawe.

Gari lililo chini hugonga tumbo katika njia hizo. Kwa hiyo watu huliinua. Wengine huongeza vyuma bapa katika springi. Wengine huweka springi ndefu za kujiviringa. Wengine hubadilisha shekeli, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika ncha ya springi, na kuweka ndefu zaidi. Wengi huongeza na tairi kubwa.

Kuinua gari kuna faida. Lakini kuna gharama zake pia:

(a) Tairi kubwa ni zito. Kila linapogonga shimo, huvuta kwa nguvu zaidi viungo vya usukani. Viungo huisha upesi.

(b) Gari likipanda juu, ekseli hubaki chini. Rodi zilizokuwa zimelala karibu sawa na ardhi sasa zinainama.

(c) Ekseli yenyewe yaweza kubadili mlalo wake. Tutaeleza jambo hili baadaye.

(d) Gari refu hupinduka kwa urahisi kuliko gari fupi, hasa dereva anapokata kona kwa ghafla.

Zamani gari la kijijini lilikwenda polepole kwa sababu ya ubovu wa njia. Usukani ukicheza kidogo, dereva alivumilia. Siku hizi mambo yamebadilika. Katika miaka ya 2010 barabara za lami kutoka Dodoma kwenda Iringa na kwenda Babati zilikamilika. Gari lile lile linatoka katika vumbi la kijiji, linapanda juu ya lami, na dereva anaongeza mwendo.

Fanya hesabu hii. Gari likienda kilomita 30 kwa saa, kila sekunde moja linakwenda kama mita 8. Likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja linakwenda kama mita 22. Usukani ukichelewa kutii kwa nusu sekunde tu, gari limekwisha kwenda mita 11 bila kuelekezwa. Hapo mbele kuna lori linalokuja, au mtoto mwenye mbuzi.

2. Nguvu ya mkono inafikaje kwenye tairi

Tazama jembe lenye mpini uliolegea. Ukizungusha mpini kidogo, jembe halitikisiki. Ukiendelea kuzungusha, ndipo jembe linafuata. Ile nafasi ya katikati, ambapo mkono umefanya kazi lakini jembe halijasikia, ndiyo tunayoiita kucheza.

Usukani nao ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba jembe lina mahali pamoja pa kulegea, lakini usukani una mahali pengi. Nguvu ya mkono hupita kama maji katika mfereji, toka kipande hadi kipande:

Kwanza ni usukani wenyewe anaoushika dereva.

Pili ni shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Katika magari mengi shafti hii ina viungo vyake.

Tatu ni boksi la usukani. Boksi hili limefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Ndani yake mna meno na mafuta.

Nne ni mkono wa boksi. Huu ni chuma kifupi kinachokwenda huku na huku.

Tano ni rodi ya kuvuta. Hii hupeleka mwendo wa mkono wa boksi hadi kwenye gurudumu moja.

Sita ni tairodi. Hii ni rodi ndefu inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili yageuke pamoja. Kila ncha yake ina kichwa chenye kigololi ndani.

Saba ni shingo ya gurudumu, yaani mahali gurudumu linapogeukia. Kuna beringi au bushi juu na chini.

Nane ni beringi za gurudumu lenyewe.

Land Rover za zamani, zile zilizoundwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, zina kipande kingine tena. Ni silinda ya chuma iliyosimama wima mbele ya chasisi. Ina mkono juu na mkono chini. Mkono mmoja hupokea mwendo, na mwingine huupeleka kwenye magurudumu. Ndani ya silinda hiyo mna springi yenye nguvu sana. Usiifungue kama hujafundishwa, kwa maana springi ile yaweza kuruka na kukuumiza.

Sasa fikiri. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, ulegevu wote hujumlishwa na kufika kwenye mkono wa dereva. Ndiyo maana kubadilisha kipande kimoja kwa kubahatisha mara nyingi hakuponyi ugonjwa.

3. Msikilize dereva kwanza

Mganga hakupi dawa kabla hajauliza unaumwa wapi. Nawe muulize dereva. Watu husema tu kwamba usukani ni mbovu, lakini ubovu huo una sura nyingi.

Je, usukani unazunguka kwanza bila gari kugeuka? Basi kuna kiungo kilicholegea mahali fulani.

Je, usukani hauchezi sana, lakini gari linatangatanga barabarani, na baada ya kona usukani haurudi katikati wenyewe? Basi shuku mlalo wa ekseli au upepo wa tairi.

Je, gari linavuta upande mmoja tu? Angalia upepo wa tairi, breki inayoshika upande mmoja, na springi iliyovunjika.

Je, gari linajigeuza lenyewe kila linapopita shimo au tuta? Basi shuku rodi zilizoinama sana baada ya gari kuinuliwa, au ekseli isiyoshikwa sawasawa.

Je, usukani unatetemeka kwa nguvu gari likifika mwendo fulani au likigonga shimo? Hapa aghalabu kuna mambo mawili au matatu pamoja: tairi lisilo na uwiano, na viungo au beringi zilizokwisha.

Uliza pia: ubaya ulianza lini? Kama ulianza mara baada ya kuinua gari au kubadilisha tairi, umekwisha kupata nusu ya jibu.

4. Jikinge kabla ya kuanza

Weka gari mahali pa tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma.

Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Ukilinyanyua, weka chini ya ekseli stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa vizuri. Usitumie tofali, maana tofali hupasuka ghafla. Gari lililoinuliwa lina kimo kirefu, kwa hiyo jeki fupi huwekewa kitu chini yake. Kitu hicho kiwe kipana, kisiteleze.

5. Hatua ya kwanza: magurudumu

Anza na kazi isiyo na gharama. Pima upepo wa tairi zote. Tairi za mbele ziwe na upepo ulio sawa. Dereva aliyepunguza upepo ili apite mchangani, kisha akasahau kuurudisha, atalaumu usukani bure.

Kaza nati zote za magurudumu. Tazama kama tairi limevimba ubavuni. Pitisha kiganja juu ya tairi. Kama limeliwa upande mmoja tu, au limeliwa kwa mabonde mabonde, liandike katika daftari. Tairi hutunza habari za viungo vilivyo nyuma yake.

6. Hatua ya pili: watu wawili

Hii ndiyo hatua kuu, nayo haihitaji chombo chochote. Inataka watu wawili tu. Mmoja anakaa kwenye usukani. Mwingine anatazama chini.

Acha magurudumu yote ardhini, yakielekea mbele. Injini izimwe. Ufunguo uzungushwe kiasi cha kuufungua usukani. Aliyekaa juu auzungushe usukani polepole kushoto na kulia, kidogo tu, bila kugeuza magurudumu. Apime pia urefu wa nafasi hiyo kwenye ukingo wa usukani. Katika magari mengi ya aina hii haitakiwi kuzidi sentimita 3 au 4. Kitabu cha gari ndicho kinachokata shauri. Kama gari lina usukani unaosaidiwa na mafuta, nafasi itaonekana kubwa kidogo injini ikizimwa. Kipimo cha nafasi hiyo kirudiwe injini ikiwa imewashwa, gia ikiwa huru, na mtu yeyote asiwe chini ya gari.

Mtazamaji afuate mfereji ule tuliouelezea, kuanzia juu hadi chini. Katika kila kiungo ajiulize swali moja tu: je, kipande hiki kikisogea, kile kinachofuata kinasogea papo hapo, au kinachelewa?

Shafti inazunguka lakini upande wa pili wa kiungo chake unachelewa? Kiungo cha shafti kimekwisha.

Boksi zima linatikisika juu ya chasisi? Bolti zimelegea, au chasisi imepasuka. Safisha matope na utazame vizuri. Ufa mwembamba hujificha chini ya vumbi na grisi. Tairi kubwa huvuta boksi kwa nguvu, hivyo ufa huu si jambo la ajabu katika magari yaliyoinuliwa.

Shafti inaingia ndani ya boksi na inazunguka, boksi limetulia, lakini mkono wa boksi unachelewa? Basi ulegevu uko ndani ya boksi, au nati ya mkono wa boksi imelegea.

Rodi inapanda na kushuka kwenye kichwa chake kabla ya kusukuma? Kichwa cha tairodi kimekwisha. Weka vidole vyako juu ya kiungo. Kidole husikia ulegevu ambao jicho halioni. Lakini ondoa vidole mara tu mwenzako anapotaka kuzungusha zaidi.

Andika kila unachokiona. Usisimame kwenye kiungo cha kwanza kilicholegea. Endelea hadi mwisho.

7. Hatua ya tatu: nyanyua gurudumu

Sasa nyanyua upande mmoja wa mbele hadi tairi liache ardhi. Weka stendi au magogo.

Shika tairi juu na chini. Vuta juu na sukuma chini, kisha geuza. Kama linacheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ushikilie hivyo. Jaribu tena. Kama kucheza kumekwisha, zilizolegea ni beringi za gurudumu. Kama bado linacheza breki ikiwa imekanyagwa, ugonjwa uko kwenye shingo ya gurudumu.

Halafu shika tairi kushoto na kulia. Sukuma na vuta. Kama linacheza hivi lakini halichezi juu na chini, rudi ukatazame vichwa vya tairodi.

Land Rover nyingi na Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele zina tufe kubwa la chuma nyuma ya kila gurudumu la mbele. Kama mafuta au grisi vinavuja hapo kwa wingi, usiseme ni sili tu. Beringi za shingo zikilegea, gurudumu huyumba na sili huharibika. Ukiweka sili mpya bila kurekebisha beringi, itavuja tena. Nao mtetemo wa usukani hautapona.

8. Hatua ya nne: je, ekseli imeshikwa?

Hapa ndipo wengi husahau. Viungo vyote vya usukani vyaweza kuwa vizima, na bado gari likatangatanga, kwa sababu ekseli yenyewe inatembea chini ya gari.

Kaza yubolti, yaani zile bolti zilizopindwa zinazofunga springi kwenye ekseli. Springi mpya hujipanga zikianza kubeba mzigo, kwa hiyo yubolti hulegea baada ya safari chache. Zikazwe tena.

Tazama bolti ya katikati ya springi. Ikikatika, ekseli huteleza mbele au nyuma upande mmoja. Pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto, magurudumu yakielekea mbele. Vipimo visipolingana, ekseli imekaa upande.

Tazama bushi za springi na za shekeli. Tumia nondo kuzisukuma taratibu. Mpira uliopasuka au kuliwa huacha springi iende ubavuni.

Kama gari lina springi za kujiviringa mbele, kuna rodi moja inayotoka kwenye chasisi upande mmoja na kufika kwenye ekseli upande wa pili. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kulia wala kushoto. Mwenzako anapozungusha usukani, tazama ncha zake mbili. Zikicheza hata kidogo, gari litatangatanga. Tena, rodi hii na rodi ya kuvuta yafaa zilale kwa mwinamo unaolingana. Kama fundi ameinua gari na kubadilisha mwinamo wa rodi moja tu, gari litajigeuza kila likigonga shimo.

9. Hatua ya tano: mlalo wa ekseli

Tazama baiskeli kutoka ubavuni. Foku ya mbele haikusimama wima. Juu imelala kuelekea kwa mwendeshaji, na chini imekwenda mbele. Sasa vuta kwa mawazo mstari unaopita katika shingo ya baiskeli hadi ardhini. Mstari huo unagusa ardhi mbele kidogo ya mahali ambapo tairi linagusa. Kwa hiyo gurudumu linafuata nyuma, kama ndama anayevutwa kwa kamba. Hii ni sababu mojawapo inayofanya baiskeli kwenda moja kwa moja.

Shingo ya gurudumu la gari nayo imelazwa hivyo kidogo. Mlalo huo ndio unaosaidia kurudisha usukani katikati baada ya kona. Unapoinua gari kwa springi ndefu za kujiviringa, mikono inayoshika ekseli hushuka, na ekseli hulala kuelekea mbele. Mlalo mzuri hupungua. Katika gari lenye springi za vyuma bapa ambalo shekeli yake iko mbele ya springi, kuweka shekeli ndefu huleta matokeo hayo hayo.

Dereva atakuambia kwamba usukani umekuwa mwepesi, hauna msimamo, na kila upepo unaisukuma gari. Hakuna kiungo kinachocheza. Hata ukinunua vichwa vipya vya tairodi, hali itabaki ile ile.

Dawa yake ni kurudisha mlalo. Kwa springi za vyuma bapa, fundi huweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Kwa springi za kujiviringa, hubadilisha bushi au mikono ya ekseli. Kazi hii ifanywe na fundi anayeweza kupima pembe, kwa sababu kugeuza ekseli hugeuza pia mwelekeo wa propela. Dawa nyingine iliyo rahisi ni kupunguza urefu wa gari. Gari lililoinuliwa kidogo na lenye usukani mzuri litafika mbali kuliko gari refu linalotangatanga.

10. Boksi liwe la mwisho

Juu ya boksi la usukani aghalabu kuna skrubu yenye nati. Watu wengi hukimbilia skrubu hiyo. Huikaza, na usukani huonekana umepona. Lakini kama ugonjwa ulikuwa kwenye tairodi, bado uko pale pale. Na ukikaza kupita kiasi, meno ya boksi husagana, usukani huwa mzito, na hukataa kurudi baada ya kona.

Kwa hiyo boksi liguswe baada ya viungo vingine vyote kukaguliwa. Fundi alirekebishe magurudumu yakielekea mbele. Kisha ajaribu kuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Usikwame mahali popote.

Hali kadhalika, usidanganyike na shokapu ya usukani. Hiki ni chombo kinachopunguza mitikisiko. Ukiweka mpya, mtetemo waweza kutulia kwa muda. Lakini imeficha homa tu, haijaponya malaria.

11. Mambo yasiyoweza kusubiri

Baadhi ya kasoro zaweza kungoja hadi baada ya mavuno. Hizi zifuatazo haziwezi. Ukiziona, gari lisiondoke:

Kichwa cha tairodi kinachotaka kuchomoka. Nati ya usukani isiyo na pini yake ya kuzuia isifunguke. Ufa kwenye chasisi karibu na boksi. Bolti za boksi zilizolegea. Beringi ya gurudumu inayocheza sana. Rodi iliyopinda au iliyochomelewa.

Usikubali rodi ya usukani ichomelewe au ifungwe kwa waya. Waya hufaa uzio wa zizi la mbuzi. Kila unapobadilisha kichwa cha tairodi, weka pini mpya, kisha pima tena kama magurudumu mawili ya mbele yanalingana jinsi kitabu cha gari kinavyoagiza. Yasipolingana, tairi mpya zitaliwa kwa muda mfupi.

12. Gari likianza kutetemeka safarini

Wakati mwingine gari hugonga shimo, na magurudumu ya mbele huanza kupigana kushoto na kulia kwa nguvu. Usukani unataka kuruka mkononi. Dereva asiogope na asikanyage breki kwa ghafla. Ashike usukani kwa mikono miwili imara, vidole gumba vikiwa nje ya mikono ya usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta. Aliache gari lipungue mwendo. Kisha atoke barabarani na kusimama.

Likitulia, asiseme kwamba limepona. Mtetemo huo utarudi. Akague nati za magurudumu na rodi kabla ya kwenda mbele. Akikuta kiungo kimeachia, abiria washuke. Nawe abiria, ukiona dereva anapigana na usukani, mwambie apunguze mwendo. Si kosa la adabu kuomba kufika salama.

13. Kazi ya kalamu

Sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie elimu hiyo hapa. Fungua daftari la gari. Kila ukaguzi andika tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye saa ya gari, kiungo kilichoonekana kinacheza, na kipuri kilichowekwa. Kwa mfano:

"Kichwa cha tairodi, kushoto: kinacheza. Beringi, kulia: nzima. Yubolti: zimekazwa. Boksi: halikuguswa."

Maneno hayo machache yana nguvu. Ukienda kwa fundi mjini naye akasema ubadilishe boksi zima, fungua daftari. Mwombe akuonyeshe mahali panapocheza, mwenzako akiwa kwenye usukani. Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha. Kikundi chenu kitajua kile kilicholipiwa. Na kile kipande kilichotolewa, kiombe ukiondoke nacho.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini gari lililokuwa salama kwenye njia ya vumbi laweza kuwa la hatari kwenye lami?

2. Taja vipande vinavyopeleka nguvu ya mkono wa dereva hadi kwenye tairi, kwa mpangilio.

3. Gurudumu linacheza juu na chini. Mwenzako anakanyaga breki, na kucheza kunaisha. Ni kitu gani kimelegea?

4. Gari limeinuliwa wiki iliyopita. Hakuna kiungo kinachocheza, lakini usukani haurudi baada ya kona. Utashuku nini?

5. Nendeni wawili wawili kwenye gari mojawapo hapo kijijini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Fanyeni hatua ya pili. Leteni darasani yale mliyoyaandika.